Bunduki ya Kujijaza ya Sokulu

Butembo, Rughenda, tarehe 6 mwezi wa pili 2023

Kwa mujukuu wangu Lusenge, ku Beni,

Wasibire, bwana yangu mudogo. Uko aje? Na Falonne bibi yako, ile tumbo ya mimba inaendelea? Miguu inamuvimba bado? Umwambie asibebe maji na kichwa, wewe pia uko na kichwa. Mi hapa niko. Magoti inauma, meno imebaki ile ilikubali kubaki, lakini bugali inapita.

Nimeisha kukusalimia. Sasa unisikilize.

Nani alikuambia upande juu ya dari yangu?

Jana niliweka ngazi, natafuta mbegu ya maharagi. Nikaona ule mukeka umefunguliwa, ndani hamuna kitu. Nikawaza mwizi. Kisha nikawaza: mwizi gani anaacha redio ya muzee, anaacha mabati mpya, anabeba kitu ya mu mukeka tu? Na ni nani, kisha kumaliza kilio ya sokulu, babu yako na bwana yangu, alilala ku chumba ile akiniambia, "Mukaka, pumzika, mi natengeneza dari"? Dari bado inavuja, Lusenge.

Jumaine, ule shofere wa mahindi, ananiapia kwa Mungu wake kama alikubebea godoro tu mu Fuso yake. Godoro! Kumbe mutu wa watu alipita barrière zote za basoda ku njia na bunduki ndani ya godoro, anasalimia basoda, anabapatia sigara. Nilipomwambia, alikaa chini ku kibaraza yangu na akalomba maji.

Ile bunduki haiko ya kuwinda. Sokulu yako Kahongya alikuwa na permis, ndiyo, kartoni ya bluu na picha yake ya ndevu. Mais ilikuwa permis ya ile ingine, ya midomo mbili, na ile tuliirudisha ku Leta, kwa bakubwa wa serikali, kisha kumuzika. Hii aliachiwa na muzungu wa kahawa wakati alikimbia. Inajijaza yenyewe. Unavuta, inalia. Unavuta tena, inalia tena, mpaka imaliza yote ndani. Administrateur wa wakati ule alimwambia: "Kahongya, hii ni ya basoda, raia hapana. Siandike jina yako juu yake." Njo maana ilikaa ku dari miaka yote, na panya.

Na wewe unaipeleka Beni! Mu Beni ya leo, mutu bila uniforme, mu pori, na bunduki ya namna ile mukononi, hakuna mwenye kumuuliza jina. Basoda banapiga kwanza. Adui, ule muasi wa mu pori, yeye anakuchinja na anaibeba.

Irudishe. Na hapana piga telefone juu ya hii mambo, hapa batu banasikiliza telefone ya wengine sawa redio. Andika. Mi nilisoma miaka tatu kwa masista, inatosha kwa kukusoma na kukugombeza.

Mukaka wako,
Vagheni


Beni, komini Ruwenzori, tarehe 14 mwezi wa pili 2023

Mukaka wangu mupenzi,

Nakusalimia sana, na Falonne anakusalimia. Miguu inavimba mangaribi, asubui inashuka. Mutoto anapiga teke sawa muchezaji. Magoti yako upake ile mafuta nilikuachia, hapana kuiweka kabatini kwa kuonyesha bageni.

Ndiyo, ni mie. Unisamehe. Dari nitaitengeneza.

Mais unielewe. Batu baliacha mashamba ya kule mwisho juu ya adui, donc nguruwe ya pori imezaa mingi mpaka inashuka ku mashamba ya karibu. Jua ikianguka tu, inaingia, mama na batoto, inapindua muhogo mustari nzima. Mwaka huu tutakula nini? Shemeji Kasonia, kaka ya Falonne, analinda na gobori yake ya baruti. Anapiga moja, anakosa, na wakati anajaza na fimbo, nguruwe imekwisha kushiba na kwenda kulala. Tunamucheka mpaka tunalia.

Na nilitaka kufanya mambo sawasawa. Nilienda ku bureau kuuliza permis. Sikusema ni yangu, nilisema ni ya rafiki. Muzee wa pale ni mutu wa adabu. Akaniambia: "Bunduki ya kuwinda, ya risasi moja ao mbili, zamani tulikuwa tunatoa karatasi. Sasa ni état de siège, jeshi njo inatawala, ata ile inangoja. Mais ya kujijaza? Hiyo inalomba sahihi ya wakubwa wa Kinshasa, na kwa kuwinda hawatoe." Kisha akatosha miwani. "Rafiki yako anaitwa nani?"

Nikasema Kambale.

"Kambale mugani?"

Mukaka, nusu ya wanaume wa Beni ni Kambale. Nikasema nitamuleta. Akanisindikiza mpaka ku mulango, akasimama, akaniangalia nikienda. Sikupenda ile.

Nitawinda kidogo, niokoe muhogo, kisha nitaona namna ya kuirudisha.

Mujukuu wako,
Lusenge


Butembo, tarehe 20 mwezi wa pili 2023

Lusenge,

Nakusalimia, na umusalimie Falonne. Mi niko muzima wa mwili. Roho hapana.

Ulienda kuuliza! Mutu iko na kitu ya kuficha, anavaa shati ya misa, anaenda ku bureau ya Leta, anabauliza kama kitu yake inakatazwa! Ata kuku hafanye vile. Sasa kule ndani kuna mutu mwenye miwani anajua sura yako. Siku moja watatafuta mwenye bunduki ya kujijaza, atasema, "Iko kijana mumoja alikuya hapa, murefu, masikio makubwa." Masikio ile ni ya sokulu yako, huwezi kuificha.

Nilimulomba Jumaine airudishe. Nilimupikia sombe na samaki, nikamungoja ashibe. Akasema: "Mama Vagheni, mahindi nabeba. Barua nabeba. Mbuzi yako ya mukali ile nilibeba, ikakula kiti yangu. Hiyo hapana. Niko na batoto." Sina neno juu yake. Yeye iko na akili, mujukuu yangu njo hana.

Sasa nakuambia kitu, na uisome mara mbili. Zamani, mbele ya administrateur kumukataza, sokulu yako alipoenda kuwinda na ile bunduki, alikuwa anatosha yote ndani na anatia risasi moja. Moja tu. Mi nilimucheka: "Kitu inakula tano, unailisha moja?" Akanijibu, "Vagheni, batu ku kilima banahesabu." Na ni kweli. Ikilia moja, mama anaendelea kusonga bugali, anasema, Kahongya amepata ao amekosa. Ikilia mingi ya kufuatana, hakuna mwenye kuuliza. Anabeba mutoto na anakimbia. Ile ilikuwa zamani, wakati wa amani. Sasa je?

Uchimbe. Uipake mafuta, uifunge mu plastiki, uizike mbali na nyumba, na usimuonyeshe Falonne wala Kasonia fasi yake. Muhogo acha nguruwe ikule. Njaa ya mwaka moja tunaijua, mi nitatuma maharagi.

Usilale mbele ya kuchimba. Mi sitalala.

Mukaka wako,
Vagheni


Beni, tarehe 11 mwezi wa tatu 2023

Mukaka,

Sijue kama nakusalimia. Nakusalimia. Naandika mbio, usome tu ile inasomeka.

Falonne iko kwako? Kama iko kwako, umuambie Jumaine asingoje mizigo, arudi mara moja aniambie.

Sikuizika. Nilisema nitawinda mara moja ya mwisho. Tarehe tano ya mwezi huu, jua inaanguka, nilienda ku shamba. Falonne alikuwa anapika, akaniambia, "Usikawie, sombe itapoa." Nilikuwa na maneno yako mu kichwa, naapa, nilitia moja. Kisha nikasikia kitu inatembea mu muhogo, na upande ingine kitu ingine. Nikaogopa. Sikujua ni nguruwe, sikujua ni batu. Nikajaza yote.

Ilitoka mama nguruwe. Nikapiga, ikaanguka, ikasimama, ikanikuyia. Nikavuta, nikavuta, nikavuta. Milio ine. Ikaanguka ku miguu yangu.

Kukawa kimya. Kisha nikasikia filimbi ku kilima. Kisha sufuria, batu wanapiga sufuria, ile namna tulipatana: ukisikia sufuria, kimbia. Na mie, mukaka, unajua niliwaza nini? Niliwaza, Mungu wangu, adui ameingia kwetu. Nikajitupa chini mu matope, kando ya nguruwe, nikaficha kichwa. Nililala pale, naogopa, naomba kwa ajili ya Falonne. Ilinichukua wakati kuelewa kama walikuwa wananikimbia mie.

Nilificha bunduki chini ya majani ya kakao, nikapanda mbio. Hakuna mutu. Milango wazi. Sombe inaungua ku moto. Kandambili moja ya Falonne mu njia. Niliita jina yake, na najua ni bure, nani atajibu sauti ya mwanaume saa ile?

Basoda walifika. Mukubwa wao akaniuliza, "Umeona wangapi?" Nikasema, sikuona, nilisikia tu. "Wapi?" Nikaonyesha pori. Mukaka, nilinyoosha mukono nikaonyesha pori. Walipiga kule muda murefu. Kisha ile, hata mie ningeapa kama vita ilikuwa ya kweli. Asubui redio ikasema shambulio imerudishwa nyuma. Hakukuwa mutu. Ilikuwa mie na nguruwe.

Batu walikimbilia Beni mujini, wengine Oicha, wengine kwenu. Nimezunguka Beni yote. Hakuna mwenye kumuona.

Lusenge


Butembo, tarehe 14 mwezi wa tatu 2023

Lusenge mutoto yangu,

Falonne haiko hapa.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikaichoma ku makala. Choma yangu pia.

Nilienda ku masomo ya paroisse, fasi bakimbizi wanalala. Nikapita darasa kwa darasa nikiuliza mwanamuke mufupi, mwenye tumbo ya karibu kuzaa, mwenye kovu ku kidevu. Mama mumoja akasema alimuona ku njia. Kumbe alikuwa mwingine. Mwanaume mumoja akanielezea ile milio. Alisema bunduki ilikuwa mingi, adui walikuwa mamia, aliona na macho yake. Nikamwambia, pole baba. Ningesema nini? Padri alisoma jina ya Falonne mbele ya mwisho wa misa.

Sikiliza. Hapana sema. Kwa mutu yeyote: si Kasonia, si mama mukwe yako, si chef wa quartier, ule mukubwa wa mutaa. Ukifungua kinywa, watasema wewe njo unaongoza adui, na mu Beni ile neno inaua mbele ya muamuzi kuamka. Ata basoda hawatangoja, jirani watakuja na mawe. Nyamaza. Tafuta bibi yako, na unyamaze.

Mi niliogopa Leta tangu niko mutoto. Nikaogopa adui. Sasa naogopa ata mama wa kuuza mandazi akinisalimia, nawaza anajua. Usiku sifunge macho, mutu akikohoa inje nasema wamefika.

Mukaka wako,
Vagheni


Beni, tarehe 25 mwezi wa tatu 2023

Mukaka,

Nakusalimia. Mie niko. Falonne bado.

Kasonia wamemukamata.

Alikuwa anamutafuta dada yake ku mashamba, na gobori yake mu bega. Basoda wakanusa mudomo ya bunduki, inanuka baruti. Ndiyo inanuka baruti, anapiga nguruwe kila siku na anakosa kila siku! Wakamuambia, "Wewe njo ulipiga siku ile. Wenzako wako wapi?" Batu wenye walikuwa pale walinielezea. Kasonia akabajibu: "Bakubwa, hii mumeiona? Hii unapiga moja, kisha unaenda kunywa chai, kisha unarudi kujaza! Siku ile mulisikia ngapi?" Mumoja akacheka. Mwingine akamupiga na kitako cha bunduki.

Iko mu cachot, ile gereza ya basoda. Wanasema watamupeleka mbele, kule fasi batu hawarudi upesi. Mama mukwe Adèle anapika kila asubui, na kwa sababu miguu yake ni dhaifu, mie njo nabeba sahani. Unaelewa? Mie. Jana walimuacha asimame ku dirisha ya vyuma. Jicho moja limefunga. Akaniambia, "Shemeji, asante. Wewe peke yako hukuniacha." Akaniambia nimutafute Falonne, yeye atajitetea.

Niliweka sahani chini, nikatoka bila kumungoja amalize.

Uliniambia ninyamaze. Nanyamaza. Mpaka wapi?

Mujukuu wako,
Lusenge


Butembo, tarehe 4 mwezi wa ine 2023, mu juma takatifu

Lusenge,

Kaa chini mbele ya kusoma.

Falonne iko hapa. Iko muzima. Mutoto iko muzima, ni mwanamuke, mudogo sawa sungura, mais analia sawa mutu mukubwa.

Alifika jana ku moto, ile pikipiki ya kulipa, amejifunga kikwembe ya kulombwa, kichwa wazi. Siku ile alikimbia na mama wengine, wakamupoteza mu njia. Uchungu ilimushika, batu wa Maboya wakamuingiza kwa mukunga wa pale. Alilala kule na homa, hakuna mwenye kumujua, telefone ilianguka mu mihogo. Alipopata nguvu akasema jina yangu na Rughenda. Ule mwanaume wa moto hakumulomba kitu. Mungu amuone.

Aliingia akapiga magoti na kuniambia, "Mukaka, Lusenge amekufa. Ile milio ilitoka ku shamba yetu." Nikamwambia, hajafa, huyo mupumbavu iko Beni anakutafuta. Alikaa chini ku mavumbi. Akacheka, akalia, akacheka. Kisha akaniangalia na akauliza:

"Basi ile milio ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia mutoto ananyonya vibaya, amugeuze upande ingine.

Mimi! Mi mutu wa kusema ku uso, kila mutu wa hapa ananijua, mapadri wananijua. Nikaongea juu ya maziwa.

Leo ameuliza tena. Na bakimbizi wamemuletea habari ya kaka yake. Anasema, "Kasonia? Kasonia hajue ata kuchinja kuku, tunamuchinjia!" Analia, maziwa inakauka, mutoto analia juu ya maziwa, na mi nakaa kati yao na kinywa yangu imefungwa sawa gunia.

Ni mie nilikuambia unyamaze. Ilikuwa woga, na woga bado niko nayo, imeongezeka. Mais sasa nakuambia useme. Kasonia atakufa mule, na huyu mwanamuke atalala mu nyumba yangu akinishukuru kila asubui. Siwezi.

Usiende peke yako. Usiende jua ikianguka. Umuendee padri kwanza, umuambie yote, umulombe akusindikize yeye na chef wa quartier. Bunduki isikae mu mukono yako. Ifunguliwe, risasi zitolewe, chef njo aibebe, na batu waone. Wewe utembee kati yao, mikono wazi. Shati nyeupe. Useme nguruwe. Useme milio ine. Ile mifupa ya nguruwe uibebe kama iko bado.

Wakikuuliza bunduki ni ya nani, useme ni ya mukaka yako wa Rughenda, bakuje.

Naogopa kuliko wewe, usidhani.

Mukaka wako,
Vagheni


Beni, tarehe 11 mwezi wa ine 2023

Mukaka wangu,

Nakusalimia kwa furaha ya Pasaka. Nilisoma barua yako barabarani, mbele ya Jumaine, nikamukumbatia, akasema nimuache, batu wanaangalia.

Wanaishi. Nalisema neno lile peke yangu ku nyumba: wanaishi.

Padri amekubali. Chef alikataa, kisha bibi yake akamuambia kitu ndani, akatoka akakubali. Tunaenda kesho asubui, misa ikiisha. Bunduki niliitosha chini ya majani ya kakao, imeanza kutu. Mifupa ya nguruwe nimeipata, na kichwa, na matundu mbili inaonekana.

Leo nilimuambia mama mukwe Adèle. Alikuwa anapanguza sufuria. Aliishika muda murefu. Nilingoja anipige nayo, ningeshukuru. Akasema tu, "Basi kesho nitapika ya watu wawili."

Falonne usimuambie bado. Nataka kumuambia mwenyewe. Kama sitaweza, Kasonia amuambie, yeye iko na haki.

Naogopa, mukaka. Niombee kwa Kinande, luga yetu, Mungu akusikie vizuri.

Mujukuu wako,
Lusenge


Butembo, tarehe 19 mwezi wa ine 2023

Lusenge,

Nakusalimia. Sisi tuko wazima. Mutoto ameongezeka mashavu.

Jumaine amerudi na mikono bure. Anasema padri wa kwenu alitoka mujini, chef hafungui mulango. Uliingia kule ao hukuingia? Walikupokea aje? Wanakupiga?

Falonne ananiuliza kwa nini huandike. Nimesema umeshikwa na kazi ya muhogo.

Jibu. Kama huwezi kuandika, umwambie mama Adèle amuambie Jumaine neno moja tu.

Mukaka wako,
Vagheni


Butembo, Rughenda, tarehe 7 mwezi wa tano 2023

Kwa mujukuu wangu Lusenge, ata kama iko wapi,

Nakusalimia. Sijue kama uko na afya, sijue kama uko na blanketi. Barua hii nampatia Jumaine. Anasema atauliza ku cachot, na ku camp ya basoda, na kwa mama Adèle, na asipokuona atairudisha. Nimemukatalia asiirudishe.

Jana mangaribi mbwa walilia. Nikafungua mulango kidogo. Alikuwa Kasonia. Peke yake.

Amekonda, suruali inashikwa na kamba, jicho moja halifunguke vizuri. Falonne alipiga kelele, akamurukia, kisha akaangalia nyuma yake, mu njia. Akaendelea kuangalia. Kasonia akafunga mulango.

Alituelezea. Mulifika musitari moja, padri mbele, chef na bunduki mu gunia, wewe na shati nyeupe na kichwa cha nguruwe mu beseni. Batu wakacheka kwanza. Kisha mukubwa akafungua gunia na hakuna aliyecheka tena. Anasema ulisema yote, kwa sauti, hukuficha kitu, na ulipofika ku pale ulionyesha pori na mukono, ulionyesha tena, ile mukono ile ile. Wakawaweka chumba moja, wewe na yeye. Alikupiga. Anasema alikupiga mpaka akachoka, kisha mukakula sahani moja, juu mama Adèle alikuwa amepika ya watu wawili na sahani ilikuwa moja.

Yeye wamemuachia. Gobori yake wameishika, anasema wabaki nayo.

Wewe, alikuona mara ya mwisho asubui ile ile ukipandishwa mu gari ya basoda, mikono imefungwa nyuma. Aliwauliza, "Mnamupeleka wapi?" Wakamuambia aende nyumbani mbele wabadilishe mawazo. Wengine walisema Goma. Mutu mumoja alisema ulipandishwa ndege. Njo maana tangu jana, kila ndege inaposhuka ku kiwanja ya ndege ya hapa Rughenda, natoka inje na nasimama ku uzio. Nimeona magunia, nimeona bazungu wa misaada, nimeona mugonjwa mumoja ku kitanda. Nitasimama tena kesho. Hata wakinifukuza.

Mi nilikutuma useme. Nalijua hilo, hakuna mwenye kuniambia. Nilingoja wakuye kuniuliza juu ya bunduki, nimevaa kikwembe ya misa kila siku, nimekaa ku kibaraza. Hawakuyi.

Sasa Falonne. Kasonia alimuambia yote, ku jiko, wakati mi nashika mutoto. Nilingoja alie. Hakulia. Aliosha uso, akakuja akakaa mbele yangu, akasema, "Mukaka, uko na kalamu? Andika vile nasema, usitengeneze."

Naandika vile alisema:

"Siku ile nilikimbia na mutoto wako ndani. Nililala mu mufereji, mu maji, nikashika mudomo yangu na mikono mbili. Nikasikia mwanaume anatembea juu, anaita jina yangu. Nikaomba Mungu mutu ule asinione. Ulikuwa wewe."

Njo hivyo alisema. Nilimuuliza kama ni hasira, akasema niandike tu. Nilimuuliza kama niongeze neno, akasema hapana. Ananyonyesha sasa, anaangalia mukono yangu ikiandika, anangoja niishe.

Jibu, Lusenge. Ata mustari moja, ata kwa mukono ya mutu mwingine.

Mukaka wako,
Vagheni